Mashine Iliyokaa na Mbegu

Kaaga, Meru
Alhamisi, 24 Julai 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Kaaga. Naomba barua hii ikupate umekaa, si umesimama na kikapu cha majani chai mgongoni, kwa sababu ni ndefu na wewe ukianza kitu hukiachi katikati. Goti la kushoto linaendeleaje? Ndugu yangu Mugendi aliniambia baridi ya mwezi huu imelishika tena, ati asubuhi unashuka shamba ukijishikilia kwa michai. Na yule ng'ombe wa pembe moja, bado anapiga ndoo teke? Mimi niko mzima kabisa. Kikohozi kiliisha, nakula mara tatu kwa siku, na ile sweta ya kijani bado ninayo, sijaigawa.

Najua utashangaa, kwani Rwamba amekosa simu? Simu iko. Lakini wewe ukishika yako unaweka sauti kubwa, Mugendi anasikia, Ciakuthii anasikia akiwa kwake ng'ambo ya ua, na mwenye anapita barabarani na punda pia anasikia. Haya ni yako peke yako. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu mimi huongea tu. Nilijaribu mistari miwili nikaona naandika kama mtoto wa nasari. Angeline, msichana tunayefanya naye kazi, anaenda harusi Embu mjini kesho, na Mugendi atamngoja stendi aichukue. Nimeifunga na gundi. Ukikuta imefunguliwa, jua ni yeye.

Mama, nilipokuambia nafanya kazi ya kompyuta ulisema sawa, na hukuuliza tena. Sasa wacha nikueleze vizuri, kwa sababu shida yenyewe ilianzia hapo.

Bwana Salesio, mwenye kunipa kazi, ana vyumba viwili hapa Kaaga, na tunachofanya ni kuwekea watu picha na karatasi zao mahali ambapo haziwezi kupotea. Wateja wetu wakubwa ni wafanyabiashara wa miraa wa Kangeta. Kabla hawajafunga miraa kwa majani ya ndizi, wanapiga kila kifurushi picha, picha inakuja kwetu, mnunuzi wa mbali anaiona, anakubali, ndio mzigo unapanda gari. Magari yao yanaondoka saa tisa mchana. Miraa si kama majani chai, hakuna kusema itachukuliwa kesho. Ikilala, imekufa.

Sasa picha moja haikai kwa mashine moja. Tuna mashine nne: mbili hapa Kaaga, moja Kangeta nyuma ya duka la mtu, na ya nne ni ile ndogo nyeusi niliyompa Mugendi mwaka jana akuletee huko Kibugu. Kila picha inaandikwa kwa zote nne, ndio moja ikiungua ama ikiibiwa, zingine ziko nayo. Zikimaliza kuandika, zinajibu, na mwenye simu kule Kangeta anaona tiki. Mwanzoni tiki ilikuwa inatokea kwa sekunde mbili. Mimi nilijenga hiyo kitu, Mama! Mimi, mwenye nilijifunza kwa simu ya kioo kilichopasuka katikati ya michai, wewe ukinipigia kelele nichune!

Halafu mwezi huu wa saba ukaingia, na tiki ikaanza kuchelewa. Sekunde kumi. Ishirini. Siku zingine arobaini, na mtu ana vifurushi mia mbili vya kupiga picha. Gitobu, mkubwa wa wale wafanyabiashara, mtu wa sauti kama spika ya krusedi, alinipigia akaniuliza kama picha yake imekuja kwa miguu, na kama ilibeba chakula cha njiani. Siku iliyofuata alisema amesikia Embu ni mahali pa watu wapole, lakini hakujua hata kompyuta zikiguswa na mtu wa huko zinakuwa pole. Nilicheka. Sikuwa nacheka ndani. Jumamosi moja gari lake liliondoka na nusu ya mzigo, nusu ingine ikabaki chini inanyauka. Akamwambia Salesio kwamba mpaka Ijumaa hii, yaani kesho, kama haijatengenezwa, yeye na wenzake wote wanatoka. Salesio hakunipigia kelele. Aliniambia tu polepole kwamba Kangeta ikitoka, hakuna kazi yangu, hakuna ya Angeline, na yeye mwenyewe atarudi kuuza vitabu vya shule.

Mama, nilihangaika! Kwanza nililaumu diski, kile kitu ndani ya mashine ambacho ndicho kinaandikwa. Tukabadilisha diski moja ya hapa Kaaga, na hakuna kitu kilibadilika. Nikalaumu picha za Gitobu ni kubwa sana, nikatengeneza simu zao zizipunguze. Ikasaidia kidogo tu, kama mtu kukunja shati na nyumba inaungua. Nikaenda Kangeta mwenyewe, nikabadilisha waya, nikapangusa vumbi na brashi ya viatu, nikapewa miraa nikakataa, nikachekwa, nikarudi. Bado. Usiku naota tiki.

Na ile ya kwako niliipima pia. Niliipima saa nne asubuhi, ikajibu haraka sana, nikasema basi ya Mama iko sawa, nikaitoa kwa orodha. Hapo ndipo nilikosea. Niliipima mara moja, saa moja, nikaiamini siku nzima.

Wiki jana ndio akili ilinijia. Nilikuwa naangalia muda wa zote nne zikiwa zimechanganywa pamoja, na ukichanganya, mmoja mwenye anaumwa anajificha ndani ya wazima. Nikaandika programu ndogo, inatuma faili ileile ndogo kwa kila mashine peke yake, kila dakika, mchana na usiku, na inaandika ilichukua muda gani. Nikaiacha siku nane. Juzi Jumanne nikachora mistari minne, kila mashine na rangi yake. Ya Kaaga zote mbili zimelala chini. Ya Kangeta imelala. Ya Kibugu, ya kijani, ilikuwa na vilima.

Kilima kidogo saa kumi na moja na nusu asubuhi. Kingine kuanzia saa sita mchana. Kingine saa moja jioni. Nikafikiria ni mtandao wa huko, labda watu wakiamka wanaingia wote. Lakini Jumatano na Jumamosi kulikuwa na mlima mzima, unaanza saa saba mchana unaenda mpaka saa kumi na moja bila kushuka. Na Jumapili mstari umelala kimya tangu asubuhi mpaka saa nane, ndio unapanda.

Mama, niliangalia hiyo karatasi mpaka chai ikapoa. Halafu nikamwambia Angeline kwamba ule mlima ni githeri. Akaniuliza kama nimekula kitu kibaya. Nikamwambia angalia, Jumatano na Jumamosi mama yangu anachemsha githeri, mahindi makavu na maharagwe, moto hauzimwi masaa manne. Hii ndogo ya asubuhi ni chai yake. Jumapili hakuna kitu kwa sababu yuko kanisani, na Padri wa Kibugu hajui kumaliza mahubiri. Angeline aliacha kucheka akaniangalia tu.

Miaka miwili na nusu sijakuona ukiwasha moto, na hapo nilikuwa nauona, siku kwa siku, na dakika zake. Jumatatu uliwasha saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili. Alhamisi ulichelewa mpaka saa kumi na mbili na kitu, nikajiuliza kama ni goti. Ijumaa jioni uliwasha ukazima mapema, nikajua umekula ile ya jana. Sikuwa nafanya kazi tena, Mama. Nilikuwa nimeweka kidole kwa kioo nafuata mstari.

Ndio nikampigia Mugendi nikamwuliza mashine iko wapi. Kwanza alicheka mpaka akakohoa. Akasema tangu mwezi huu uingie iko juu jikoni, kwa itara, pale juu ya moto unapokaushia mbegu za mahindi, kati ya mbegu na zile maharagwe nyekundu, na umeifunika na kitambaa chako cha kufuma. Akasema yeye alikuambia kitu cha stima hakikai hapo, na ukamjibu kwamba mwenye mashine alisema isiguswe na unyevu, na baridi ya mwezi wa saba ikishuka, nyumba kubwa yote inalia maji kwa kuta, hakuna mahali pakavu kwa boma zima kama hapo, na kama mbegu za mwaka ujao zinakaa hapo, nani yeye kusema mashine ya Rwamba haiwezi. Na kitambaa ni cha kuzuia masizi.

Na ni kweli nilisema! Nilimwambia Mugendi akuambie isikae na unyevu. Sikusema kitu kuhusu moto, kwa sababu ni nani anafikiria kuhusu moto? Mashine kama hiyo ikipata joto sana, inajipunguzia mwendo yenyewe ndio isiungue, na hiyo iko juu ya moshi, imevishwa kitambaa, haina pa kupumulia. Mugendi aliishika akasema unaweza kukaanga yai. Akasema pia, na sijui kama ni utani wake, kwamba ukiweka kuni unaisalimia, unaiambia chai imekuwa kilo ngapi.

Usihuzunike, Mama, usianze kujilaumu, nakuomba. Umeiweka mahali unapoweka kitu ambacho hutaki kipotee. Kosa si lako, na hapa ndipo nilikuwa nataka kufika tangu mwanzo, na nimekuwa nikizunguka kama kuku anatafuta pa kutaga.

Kuna namba moja tu ndani ya hiyo mpango yetu, na mimi ndiye niliiweka. Ni namba ya kusema mashine ngapi zijibu kabla ya tiki kutokea. Watu wote wanaojua hii kazi wangeweka tatu. Tatu zikijibu inatosha, unatoa tiki, na ya nne inaandika polepole ikifika, hakuna mtu anaumia. Mimi niliweka nne. Kwamba hakuna picha hata moja ya Kangeta itahesabiwa imeandikwa mpaka Kibugu iseme nimesikia.

Unakumbuka kwetu hatuli mpaka wote wafike? Mugendi akiwa amepeleka ng'ombe, tunakaa na njaa, maombi hayaanzi, na akikawia kabisa unatoa sahani yake unaifunika na kitambaa na bado hatuanzi. Mimi nilidhani dunia yote inakaa hivyo. Lakini sitakudanganya kwamba ilikuwa mazoea tu. Mwezi wa tano stima ilipotea huko kwenu siku nzima, kila kitu kikasimama Kangeta, na nikaingia haraka nikaweka tatu, kazi ikaendelea. Stima iliporudi, ningeiacha. Nilirudisha nne. Nilijua, Mama. Nilikaa hapo nikijua, nikarudisha.

Wala hakuna mtu aliyehitaji mashine Kibugu. Salesio nilimwambia iko kwa chumba kizuri Embu mjini, chumba chenye kufuli na feni. Niliituma kwenu kwa sababu ina taa ya kijani kwa kioo changu, na kila picha ikiingia, taa inawaka, na mimi najua kule nyumbani kuko na kitu kinanijibu. Mara elfu mbili kwa siku, nyumbani kunanijibu.

Jana asubuhi nilikuwa na njia mbili. Ningemwambia Mugendi aishushe aiweke sebuleni, nimwambie Salesio ilikuwa mtandao wa Embu, na hakuna mtu angejua. Nilikaa na hiyo mpaka saa tano. Halafu nikaingia kwa chumba chake nikamwambia yote, na itara, na githeri, na namba. Aliuliza mashine imekuwa Kibugu kwa muda gani, nikasema miezi kumi na nne. Aliuliza kama najua ni siku gani gari la Gitobu liliondoka nusu. Nikasema najua, ilikuwa Jumamosi. Alininyang'anya nywila zote, na sasa nikitaka kugusa kitu lazima Angeline akae kando yangu, na Angeline anafurahia hiyo kuliko harusi. Pia akasema nimpigie Gitobu simu mwenyewe. Nikampigia. Akauliza ulikuwa unapika nini hiyo Jumamosi. Nikasema githeri. Akasema basi hiyo githeri ni ya miraa yake, na siku moja lazima apewe sahani, na hajasema amenisamehe, amesema tu sahani.

Kisha nikabadilisha namba, Angeline akishuhudia. Nne ikawa tatu. Mama, picha ziliruka! Gitobu alituma ujumbe kwamba tiki inatokea kabla hajatoa kidole, na kwamba wanabaki. Watu wakapiga makofi hapa ofisini, ingawa tuko watatu. Mimi nilikuwa naangalia ile taa ya kijani. Ilikuwa saa saba, Jumatano. Mugendi alikuwa bado hajaishusha, na ulikuwa umewasha moto wa githeri. Picha zinapita, tiki, tiki, tiki, na Kibugu iko nyuma na picha thelathini, halafu hamsini, inajaribu kufika, na hakuna mtu anaingoja.

Salesio akasema mashine irudi, Mugendi aiweke kwa gari la mizigo. Nikasema nitaichukua mwenyewe. Akaniangalia vizuri akasema, Rwamba, mara tatu nimekupa likizo, mara tatu umekataa, leo ndio unataka kwenda?

Ndiyo, Mama. Nilikuambia Krismasi nimenyimwa ruhusa. Nilikuambia Pasaka seva imeharibika. Nilikuambia mwezi wa nane mwaka jana Salesio ni mtu mgumu. Hakuninyima. Salesio si mtu mgumu. Mimi ndiye nilikuwa naogopa mlango wa jikoni kwako, kwa sababu ya neno nililoliacha hapo. Ulikuwa umeinama unapuliza moto, ukaniambia nafasi ya karani imetokea kituo cha chai, na mimi nikasema siwezi kumaliza maisha yangu nikinuka moshi kama wewe. Ulisukuma kuni ndani. Asubuhi ulinifungia nduma kwa gazeti na nikaondoka, na nduma zilikuwa bado moto nikifika Runyenjes, na sikuweza kuzila. Tangu hapo kila siku naona taa inawaka, najiambia leo nimefika nyumbani, leo nimemsalimia Mama. Kuiona taa ndiko kulinifanya nisije.

Ningeweza kukuambia haya nikifika, lakini unanijua, nikisimama mlangoni nitaanza kuongea mbio, nitauliza ng'ombe, nitauliza paka, na hili halitatoka. Ndio nikataka ulisome kwanza, na nikija uwe umeshalijua. Kama ulilisahau, basi nimekukumbusha vibaya. Sidhani ulilisahau.

Jumamosi nitatoka hapa na gari la asubuhi. Mwambie Mugendi asiifungue mashine wala kuifuta, atavunja kitu, aishushe tu. Nataka kuipangusa masizi mwenyewe. Msalimie Ciakuthii, umwambie salamu zangu za simu zitamfikia wiki ijayo kwa sauti kubwa. Salimia ng'ombe wa pembe moja. Goti ulifunge na kitu cha moto, usishuke shamba la chini mpaka nifike, nitachuna mimi.

Na Jumamosi ni githeri, sivyo? Washa moto mkubwa utakavyo, hakuna gari la mtu litachelewa. Nikikawia barabarani, kuleni, msiningoje. Lakini kile kitambaa kitoe kwa mashine, Mama, ukifue, unifunikie sahani.

Ni mimi mtoto wako,
Rwamba